Kasiksi, mandarakwa ao saison ya Wabelgiji: uweke gani ku meza?

Kila mara dote (sherehe ya mahari) ao komunio inakaribia, swali linarudi ku Bukavu: tuweke kasiksi, ile pombe ya ndizi, tuongeze mandarakwa ya mahindi na mtama, ao tununue za chupa tu tumalize maneno. Na siku hizi kuko familia zenye ndugu ku Liège ao Bruxelles, huyo ndugu anafika likizo na chupa mbili tatu za saison, bia ya shamba ya Wabelgiji, ndani ya valizi, kazizungushia nguo zisivunjike, basi meza inajikuta na pombe tatu za shamba na hakuna anayejua itangulie ipi. Mimi hizi pombe nazipenda kabisa, na inaniuma kuona watu wanachagua kwa heshima ya chupa, eti yenye bushoni (kizibo) na lebo njo ya wakubwa, ya bidoni ni ya wapita njia. Kama unataka kuchagua vizuri uliza maneno mawili: sukari ngapi imebaki ndani, na hii pombe iko na umri gani. Ukishajua hayo, harufu, uchachu, chakula cha kuweka pembeni, hata saa ya kuianza, utapanga mwenyewe.

Zote tatu ni pombe za mkulima, lakini mkulima wa Kabare, huku kwetu Kivu ya Kusini, na mkulima wa Ubelgiji hawakuwa na shida moja, na hapo njo gu (ladha) zao zinatofautiana.

Saison inatoka Hainaut, jimbo la Wallonie linalopakana na Ufaransa. Kule shayiri inavunwa mara moja kwa mwaka, na zamani bila frigo pombe ya wakati wa joto ilikuwa inaharibika upesi, kwa hiyo walikuwa wanaipika wakati wa baridi, kazi ya shamba ikiwa imetulia, wanaihifadhi mpaka kiangazi vibarua wakifika kuvuna, njo wanakunywa kwa kiu. Pombe ya kungoja miezi namna hiyo ilipaswa kuwa kavu, juu sukari ikibaki vijidudu vinapata chakula. Ile inayojulikana kupita zote ni Saison Dupont ya kijiji cha Tourpes, ku shamba lenye kiwanda cha pombe tangu 1844, familia Dupont ikalichukua 1920, iko na alkoli 6.5%.

Kasiksi haikuwa na sababu ya kungoja. Mgomba unazaa mwaka mzima, Kabare, Walungu, Kalehe, Idjwi, leo mkungu huu, wiki ijayo ule wa nyuma ya nyumba, basi nani angehangaika kutunza pombe miezi sita wakati nyingine iko njiani? Inatengenezwa kwa kunywewa juma hili hili, watu wakiwa wamekusanyika, na inaruhusiwa kubaki na utamu wake. Mandarakwa yenyewe inatoka kwa mahindi na mtama, nafaka kavu inayokaa ku ghala, na ni nzito juu tangu mwanzo ilikuwa nusu pombe nusu chakula.

Sasa tuingie ndani ya kopo, na nitakaa zaidi kwa kasiksi juu njo inachaguliwa vibaya kupita zote. Watu wanasema "kasiksi" kama vile ni pombe moja, kumbe ile ya asubuhi ya kwanza na ile ya siku ya tatu hazifanani hata kidogo.

Ndizi za pombe si zile za kupika wala zile ndogo tamu za watoto. Zinafukiwa ndani ya shimo lenye majani makavu ya migomba na joto kidogo, siku nne tano hivi, mpaka zinaiva zote pamoja. Zinamenywa, zinakamuliwa na majani ya nyasi ndani ya mti uliochongwa, na zile nyasi ziko na kazi kubwa, zinashika nyama ya ndizi, mutobe, yaani maji ya ndizi, unatoka safi, bila nyasi unabaki na uji tu. Halafu wanachuja, wanaongeza maji, wanatia mtama uliokaangwa na kusagwa, wanafunika mahali pa joto na usiku ule ule inaanza kutokota yenyewe. Hakuna levire ya kununua. Chachu iko ku maganda, ku mtama, ku chombo chenyewe kilichotumika jana.

Asubuhi ya kwanza bado ni tamu sana, gesi inachoma ulimi, pombe haisikiki lakini iko. Wageni wasiozoea wanaipenda hapo, na hapo njo inawaangusha, wanaifikiria ni maji ya ndizi tu wakajaza kopo ya tatu na ya nne. Siku ya pili sukari imepungua, uchachu umeanza kuonekana, mtama unasikika wazi na ukavu wake pembeni mwa ulimi. Kwangu hiyo njo kasiksi yenyewe. Siku ya tatu ni ya wazee na wazoefu, kavu, chachu, yenye nguvu, na kama ilikuwa ndani ya bidoni chafu ao imebebwa ndani ya jua inakuwa siki, hapo hakuna cha kuchagua tena.

Namna ya kuipima ukiwa ku soko ni hii. Omba kopo nyeupe, ile ya plastiki, usikubali ya rangi juu hautaona kitu. Ikimiminwa angalia povu, la kasiksi nzuri ni dogo dogo, kahawia hafifu, linapanda lenyewe na linakaa. Kisha inamisha kopo na utazame chembe za mtama: kama bado zinapanda na kushuka zenyewe, pombe inafanya kazi, iko hai. Kama zimelala zote chini na juu hakuna kinachotembea, imemaliza. Nusa mbele ya kuonja, utakuta ndizi, halafu moshi kidogo wa shimo, halafu mtama uliokaangwa. Ukikuta harufu inakukata pua mpaka macho yanalia, rudisha kopo kwa adabu. Meza funda moja, ungoje, usizungumze, sikia kama ulimi unakauka taratibu: hiyo ni tanini, ule ukakasi wa mtama, inaonesha hawakuufanyia ubahili. Ku soko la Kadutu mama mwuzaji anayejua kazi yake, ukimwambia "Mama, hii ni ya lini?" anakujibu bila kuzunguka, "Ya jana magaribi, baba, kesho njo itakuwa na nguvu." Anayekuambia "ni nzuri tu, kunywa" bila kutaja siku, mimi naendelea na safari.

Saison ukiifungua inaongea mbele hujaionja, gesi yake ni nyingi kupita bia yoyote ya kasiye (kreti) unayoijua, povu jeupe linapanda linajaza kopo, na kama chupa ilitikiswa ndani ya gari ya kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu utaosha meza. Rangi ni ya dhahabu yenye ukungu. Harufu ni pilipili manga, ganda la chungwa, nyasi kavu, na watu wengi wanafikiri wametia viungo. Ya Dupont hawatii, ile pilipili inatoka kwa levire yao wanayoichachusha kwa joto kubwa, kupita digrii 30, wakati bia za lager kama hizi za nganda (baa) zetu zinachachushwa kwa baridi, digrii 10 hivi. Hiyo levire inakula hata sukari ngumu zinazoachwa na levire nyingine, njo maana mwisho wake ni mkavu kabisa, halafu unabaki uchungu wa maua ya hopsi yanayosaidia pia kuilinda isiharibike. Kuko wengine wanaotia viungo kweli, kiwanda cha mvuke cha Pipaix, cha 1785, ambacho bado kinazungushwa na mashine ya mvuke, saison yake iko na viungo ndani, kwa hiyo ukisikia mtu anasema saison zote ni moja usimwamini, hata kule kila shamba lilikuwa na yake.

Ndani ya chupa ya saison levire bado iko, chini utaona vumbi jeupe. Vumbi hilo si uchafu, ukitaka pombe safi mimina taratibu uliache, ukitaka nzito kidogo zungusha chupa mwishoni umalizie. Mtu wa kasiksi hatashangaa na hilo, sisi tumekunywa chembe maisha yote.

Mandarakwa nitaipitia haraka, juu kuichagua ni rahisi. Nafaka inaoteshwa, inakaushwa, inasagwa inakuwa kimea, unga unapikwa kama uji halafu kimea kinageuza wanga kuwa sukari, ndipo inachachuka. Ni ya kahawia, nzito, chachu kama maziwa yaliyoganda, gesi kidogo, na inashibisha. Kwa mtu aliyetoka kulima ao kubeba mchanga ni pombe ya maana sana, kopo moja na anasimama tena. Kwa feti yenye chakula kingi ni kosa kuiweka ya kwanza, watu wanashiba mbele sahani hazijafika, mama mwenye kupika anaona sufuria zake zinarudi na nusu, atakuchukia.

Nikiziweka pembeni pembeni: kwa utamu kasiksi ya siku ya kwanza iko mbele mbali, ya pili iko katikati, mandarakwa iko na utamu mdogo uliojificha nyuma ya uchachu, saison haina kabisa. Kwa uchachu mandarakwa inaongoza, kasiksi inaifuata kadiri siku zinavyopita, saison iko na uchachu mdogo tu kama wa ndimu iliyopita karibu, anayengoja saison imkunje uso atangoja bure. Uchungu ni wa saison peke yake, sisi hatutii hopsi, ukavu wetu unatoka kwa mtama na si kitu kimoja na uchungu. Gesi ni saison, kisha kasiksi changa. Uzito ni mandarakwa. Na nguvu ya alkoli, hapa nakuomba uangalie, saison imeandikwa ku lebo na unajua unachokunywa, kasiksi nguvu yake inategemea walitia maji kiasi gani na imelala usiku ngapi, kwa hiyo mbili kutoka kwa mama mmoja, wiki mbili tofauti, zinaweza kukupeleka mahali tofauti kabisa.

Kuko jambo moja linalonifurahisha kila nikilifikiri. Saison na kasiksi watu wanapenda kuzilinganisha juu ya Ubelgiji na historia yetu nao, lakini ndugu wa kweli wa kasiksi kwa ulimi iko Finlandi, inaitwa sahti. Ni pombe ya shamba ya shayiri na mara nyingi rai, inachujwa juu ya matawi ya mti wa mreteni, mara nyingi haichemshwi, inachachushwa na levire ya mkate, na harufu yake kubwa ni ndizi! Hakuna ndizi hata moja inayoota kule. Levire wakati inafanya kazi inatoa kitu kinachoitwa isoamili asetate, na ndizi mbivu nayo inakitoa, pua haiwezi kutofautisha. Na kama kasiksi, sahti haina subira, juu haikuchemshwa inaharibika upesi, lazima ikae ku baridi na inywewe mpya. Tangu 2002 Umoja wa Ulaya unalilinda hilo jina kama bidhaa ya asili, mtu hawezi kupika kitu kingine akakiita sahti. Mimi ningependa siku moja nione jina la kasiksi linatunzwa namna hiyo, kabla haijaanza kutengenezwa kwa sukari ya mfuko na rangi.

Hofu hiyo si ya bure. Ugonjwa wa kunyauka wa migomba ulionekana Masisi, Kivu ya Kaskazini, mwaka 2001, ukashuka mpaka huku kwetu, na ndizi za pombe njo ziliumia sana, juu wadudu wanabeba vijidudu wakienda ku lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Wakulima wamejifunza kulikata mapema kwa kijiti chenye panda, bila kulipiga panga, juu panga nalo linabeba ugonjwa kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Mahali ndizi zimepungua, maji ndani ya kasiksi yanaongezeka, na wengine wanatia sukari ya duka ipate nguvu upesi. Utaijua hiyo: inalewesha, lakini harufu ya ndizi ni nyembamba na baada ya kumeza hakuna kitu kinachobaki mdomoni. Ukikuta kasiksi yenye mwili ulipe bei yake bila kubishana, mkulima aliyetunza migomba yake anastahili.

Kwa chakula mimi niko na misimamo. Sambaza za kukaanga na saison ni ndoa nzuri sana, chumvi na mafuta ya samaki vinakatwa na gesi na ule ukavu, ukila moja unataka kunywa, ukinywa unataka moja nyingine. Kasiksi na sambaza hapana, utamu unafanya samaki anuke. Kasiksi ya siku ya pili iweke na nyama ya mbuzi ya kuchoma, ao na maharage yaliyopikwa vizuri, ule moshi wa shimo unakutana na moshi wa makaa. Sombe iliyotiwa mafuta ya mawese inapokea kasiksi changa vizuri, wengine hawatakubaliana nami lakini wajaribu kwanza. Mandarakwa haihitaji chakula, labda karanga.

Mtu anayeona saison ni kavu kupita kiasi na anataka kitu cha chupa chenye utamu wa nafaka, amwombe ndugu yake amletee biere de garde, ni jirani wa saison upande wa kaskazini mwa Ufaransa, inalazwa ku baridi wiki kadhaa, Jenlain ya kahawia kwa mfano iko na 7.5%, laini, haina ile pilipili. Watu wa bia nyeusi wanaipokea upesi kuliko saison.

Mambo ya mkono sasa. Saison weka ku frigo lakini itoe dakika kumi na tano mbele ya kunywa, ikiwa baridi ya barafu inapoteza harufu yote na unabaki na gesi ya bei ghali. Chupa isimame, isilale ku mwanga, jua linaiharibu. Kasiksi usifunge bushoni ya bidoni kwa nguvu, gesi haina pa kutokea, bidoni inavimba na inaweza kupasuka ndani ya gari, acha ipumue kidogo. Chukua kasiksi siku moja mbele ya sherehe kama unataka ile ya pili, ao asubuhi ile ile kama wageni wako wanapenda tamu. Kama feti iko Uvira fanya hesabu nyingine, kule ni chini na ni joto sana kuliko huku kwetu ku mita 1,500, pombe inakimbia, ile ya siku ya kwanza inafika magaribi ikiwa na tabia ya siku ya pili.

Na maji. Kasiksi haichemshwi, mara nyingi maji yanatiwa mabichi, na kolera huku tunaijua. Muulize mama maji yalitoka wapi na kama yalichemshwa, ulize kwa heshima, mama mzuri hakasiriki, wengine wanakuonesha hata sufuria. Mandarakwa uji wake umepikwa, hapo uko na nafuu, ingawa kopo zinazooshwa zote ndani ya ndoo moja zinaweza kurudisha yote nyuma, kwa hiyo nenda na kopo yako.

Ningekuwa mimi napanga dote kesho kutwa: kasiksi ya siku ya pili kwa wazee wa pande zote mbili, na iletwe mbele ya maneno kuanza, juu mahari inazungumzwa vizuri na kitu watu wote wanakijua. Zile saison chache ziende ku meza ndogo pamoja na sambaza, zigawanywe kwa vere (glasi) ndogo, chupa ya senti lita 75 inatosha watu watano wa kuonja, msimpe mtu mmoja chupa nzima juu tu yeye ni mgeni wa heshima. Mandarakwa iende nyuma kwa vijana waliobeba viti na kusimamisha tente tangu asubuhi, wao njo wako na njaa. Na watoto, mama wenye mimba na wale wa kanisa wasiogusa pombe, agiza mutobe wenyewe, ule uliokamuliwa asubuhi hiyo hiyo, mwambie mkamuaji mapema autenge mbele hajatia mtama, na unywewe kabla ya saa sita, juu magaribi nao utakuwa umeshaanza safari yake.